Mfumo uliojengeka bila kulalamika

Ilikuwa saa tisa kasorobo usiku. Mstari wa mwisho ulipita kwenye terminali, kishale kikarudi mahali pake kikaanza kupepesa. Nikaandika `echo $?`, kuuliza kama kazi iliyoisha imefaulu, na jibu likaja papo hapo: 0, yaani imefaulu.

Sifuri. Vifurushi 83 vya mfumo wangu mwenyewe wa Linux, vyote vimejengwa kutoka msimbo chanzo kwa mpangilio niliouandika mwenyewe, na hakuna hata kimoja kilichosimama kudai kwamba kuna mwenzake asiyekuwepo. Wiki tatu kabla ya hapo, skripti hiyohiyo ilikuwa haivuki kifurushi cha 12. Nilizima skrini nikalala.

Siku ya tatu niliuwasha mfumo ule mpya, nikataka kushusha faili dogo kwa skripti ya Python ya mistari sita. Nikajibiwa hivi:

`ModuleNotFoundError: No module named '_ssl'`

Python ipo. OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche ambayo moduli hiyo ya Python inaitegemea, ipo. Zote mbili nilizijenga mimi, kwenye mashine ileile, usiku uleule.

Hazikujuana.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Lakini jambo lenyewe limekaa nami wiki nyingi sasa; nalifikiria nikiwa njiani, nalifikiria nikisubiri mambo mengine yaishe. Ile moduli niliisahau upesi. Nilichoshindwa kukisahau ni ile sifuri.

## Logi ilikuwa imesema

Nilirudi kwenye logi, kumbukumbu ya yote yaliyoandikwa wakati wa ujenzi. Ujenzi wa Python peke yake ulikuwa umeacha maelfu ya mistari, na karibu na mwisho, mahali ambapo jicho limeshachoka, palikuwa na maelezo mafupi: vitu vinavyohitajika kujenga moduli zifuatazo za hiari havikupatikana. Chini yake majina yamepangwa vizuri: `_bz2`, `_hashlib`, `_sqlite3`, `_ssl`. Kisha ujenzi ukaendelea, ukakamilika, ukarudisha sifuri.

Python haikukosea. Moduli hizo ni za hiari kweli, na wapo wanaoijenga kwa ajili ya vifaa vidogo ambavyo havitawahi kuzihitaji. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wangu: Python ilikuwa ya 41, OpenSSL ya 58. Anayefuata Linux From Scratch, ule mwongozo wa kujijengea Linux kutoka msimbo chanzo ulioanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, hakumbani na jambo hili, kwa sababu humo OpenSSL inajengwa kabla ya Python. Mimi nilitaka niupate mpangilio kwa mikono yangu.

Na namna nilivyoupata ndiyo iliyokuwa shida.

Njia yangu ilikuwa rahisi. Anza kujenga. Ujenzi ukikwama, soma jina la kilichokosekana, kipandishe juu kwenye orodha, anza tena. Bison ilikwama ikidai m4, nikaipandisha m4. Kiunganishi kikasema hakioni `-lz`, nikaipandisha zlib. GCC, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, ikadai GMP, MPFR na MPC, zikapanda zote tatu. Nilifanya hivyo wiki tatu mfululizo, na kila hitilafu niliiona kama somo, kama mwalimu aliyenishika mkono. Mwishowe hitilafu zikaisha, nami nikaamini kwamba masomo yameisha.

Orodha yangu ilikuwa orodha ya wanaopiga kelele.

Kitegemezi kinachosimamisha ujenzi nilikijua. Kitegemezi ambacho kikikosekana programu inajipunguza tu na kusonga mbele, nisingekijua hata ningerudia njia hiyo mara 100. Njia yenyewe haikuwa na sikio la kusikia kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikuwa nimeusoma msemo huo tangu utoto bila kufikiri kwamba siku moja ungekuwa maelezo sahihi ya logi ya ujenzi.

## "Imepita, imepita"

Nilimsimulia rafiki yangu mmoja ambaye amejenga mifumo mingi kuliko mimi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kaka, imepita, imepita," akasema. "Kikikosekana kitu, utakiona siku utakapokihitaji. Siku hiyo utakijenga."

Nilitaka kubishana nikakosa hoja. Kwa siku kadhaa niliamini yuko sahihi. Hakuna mfumo usio na pengo, na kutafuta mapengo yote kabla hayajamsumbua mtu ni njia nzuri ya kutomaliza kazi yoyote. Nikaiacha.

Kilichonigeuza ni tar, programu ya kukusanya mafaili kwenye nakala moja.

Nilikuwa nimehifadhi nakala ya folda moja ya kazi inayotumiwa na watu watatu, kila mmoja na ruhusa zake zilizowekwa kwa ACL, orodha ya ziada inayosema nani anaruhusiwa nini kwenye faili. Niliihifadhi kwa tar ya mfumo mpya, na alama ya `--acls` niliiweka. Nilipoirudisha nakala kwenye diski nyingine, mafaili yote yalirudi, ukubwa uleule, tarehe zilezile. Ruhusa za ziada hazikurudi hata moja. Mwenzangu mmoja akashindwa kuandika kwenye faili lake mwenyewe, na mimi nikatumia nusu siku nikitafuta kosa kwake kabla ya kulitafuta kwangu.

tar ilikuwa imenionya. Mstari mmoja, kwamba uwezo wa ACL haupo kwenye toleo hili, kisha ikaendelea na kazi. Nikaangalia mpangilio: tar ilikuwa ya 29, acl ya 63.

Ushauri wa rafiki yangu ulikuwa na sharti ambalo hatukulitaja: kwamba siku nitakapokihitaji kitu nitaliona pengo. Lakini hifadhi ya mafaili ni kazi ambayo pengo lake unaliona siku ambayo chanzo kimeshafutika. Mimi nilibahatika tu, folda ya awali ilikuwa bado ipo.

## Swali ambalo halina sababu

Kila aliyewahi kujenga programu ameiona mistari ile ya `checking for`, ikishuka kama mvua, mwishoni mwa kila mmoja `yes` au `no`. Tangu David MacKenzie alipoanza Autoconf, chombo kinachotengeneza skripti za `configure` za kukagua mashine kabla ya ujenzi, mwaka 1991, hiyo ndiyo sauti ya mwanzo wa ujenzi. Mimi nilikuwa naitazama kama mtu anavyotazama mvua.

Nimeikalia sasa, nikaisoma. Kila mstari ni jaribio dogo: skripti inaandika programu ya C ya mistari michache, inamkabidhi kompaila, na kuangalia kama imekubaliwa. Ikikubaliwa, `yes`. Ikikataliwa, `no`. Basi. Haiulizi kwa nini imekataliwa. Maktaba inaweza kuwa haipo. Inaweza kuwa ipo lakini vichwa vyake, yaani mafaili yanayotangaza funksheni zake, havipo. Na inaweza kuwa kila kitu kipo, ila programu ya jaribio yenyewe ni mbovu.

Hilo la tatu ndilo lililoninyima usingizi. Mwaka 2024 lilipotoka GCC 14, kompaila hiyo iliacha kuvumilia jambo moja la zamani: kuita funksheni ambayo haijatangazwa. Hapo awali lilikuwa onyo, sasa ni kosa kamili. Ni uamuzi mzuri. Lakini fikiria skripti ya miaka 20 iliyopita ambayo majaribio yake yaliandikwa bila kujumuisha kichwa kinachotakiwa. Jana jaribio lilikubaliwa. Leo linakataliwa, skripti inaandika `no`, na programu inajengwa kana kwamba mfumo wako hauna funksheni ambayo unayo. Hakuna hitilafu. Hakuna kilichobadilika kwenye msimbo wa programu. Ni jibu tu limegeuka.

Nililijaribu kwenye kifurushi kimoja cha zamani nilichokuwa nacho. Nilijenga kwa kompaila mbili, nikalinganisha mafaili mawili ya `config.h`, ambamo majibu ya majaribio huandikwa. Mistari minne ilitofautiana. Vyote viwili vilipita, vyote viwili sifuri.

## Nukta moja

Habari ya xz, programu ya kubana mafaili iliyopachikwa mlango wa siri na mmoja wa watunzaji wake, wengi mnaijua: Machi 2024, mhandisi Andres Freund akishangaa kwa nini kuingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh kunachelewa nusu sekunde, na yaliyofuata. Sitairudia. Nataka kusimama kwenye kipande chake kimoja ambacho hakizungumzwi sana, na ambacho mimi sikukielewa uzito wake hadi baada ya tar.

Kwenye hifadhi ya msimbo wa xz palikuwa na jaribio la CMake, chombo kingine cha kuandaa ujenzi, la kuangalia kama mfumo una Landlock, uwezo wa kerneli (kiini) ya Linux wa kuifungia programu isifike mahali isipohitaji. Jaribio lenyewe ni programu fupi ya C, kama yale niliyoyaeleza. Ndani yake, kwenye mstari wa peke yake, palikuwa na nukta.

Nukta moja.

Programu ya C yenye nukta peke yake kwenye mstari haiwezi kukompailiwa. Kwa hiyo jaribio lilikuwa linashindwa daima, kwenye kila mashine, iwe ina Landlock au haina. Jibu lilikuwa `no` siku zote. Na kwa kuwa Landlock ilikuwa ya hiari, ujenzi ulikamilika salama bila ulinzi huo. Aliyetaka kuuondoa hakuhitaji kufuta msimbo wake hata mstari mmoja. Aliharibu swali, jibu likajiharibu lenyewe.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza, mwaka ule, nililiona kama hila ya kiufundi. Nilipolirudia baada ya kisa cha tar, mikono ilinitulia juu ya kibodi. Mfumo wangu wa vifurushi 83 ulikuwa umejaa maswali ya namna hiyo, mamia kwa mamia, na mimi sikuwa na njia yoyote ya kutofautisha `no` ya kweli na `no` ya nukta. Yangu yalikuwa makosa ya mpangilio, lile la nukta lilikuwa uadui. Kutoka upande wa sifuri, yote mawili yana sura moja.

## Kuilazimisha iseme

Kwa hiyo nilianza upya, nikiwa na lengo lililogeuka. Mwanzo nilitaka ujenzi usio na hitilafu za utegemezi. Sasa nilitaka hitilafu nyingi kadiri iwezekanavyo, na nizipate mapema.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutoacha chochote cha hiari kibaki cha hiari. Kila kifurushi nilikifungulia `./configure --help`, nikasoma yote, na kwa kila chaguo nikaandika ama nataka ama sitaki. Kwa skripti nyingi, ukisema wazi kwamba unataka maktaba fulani na maktaba hiyo haipo, ujenzi unasimama. Ukinyamaza, nayo inanyamaza. Kwa Meson, chombo kingine cha ujenzi, kuna njia fupi zaidi: `-Dauto_features=enabled` inageuza hiari zote zilizoachwa wazi kuwa lazima. Kwa CMake ilinibidi niwinde kila `find_package` isiyo na neno `REQUIRED`.

Hapo nikajikwaa kwenye shimo jingine. Kwenye kifurushi kimoja niliandika `--with-readlin`, herufi ya mwisho imenitoka. Ujenzi ukapita. Skripti za Autoconf zikikutana na chaguo zisilolijua hutoa onyo na kuendelea, kwa hiyo mimi niliamini nimedai, kumbe sikudai kitu. Kuna dawa yake, `--enable-option-checking=fatal`, na sasa ipo kwenye kila mstari wangu wa configure. Nilikaa miaka mingi nikitumia Autoconf bila kujua kwamba ipo.

Niseme pia lililonifurahisha. Mradi wa curl, programu ya kuvuta data mtandaoni, kuanzia toleo la 7.77.0 la mwaka 2021, ulibadilisha configure yake: usiposema ni maktaba gani ya TLS (usimbaji fiche wa mawasiliano) unayoitaka, au useme waziwazi kwamba huitaki, inasimama na kukataa. Najua wapo waliokereka, kwa kuwa skripti zilizokuwa zikipita zilianza kugoma. Mimi nimeanza kuuona uamuzi ule kama heshima kwa mtu anayejenga. Unamuuliza jambo zito usoni, humwachii alikute mwenyewe.

## Kikulacho ki nguoni mwako

Kwenye mpangilio wangu wa kwanza, kila kifurushi kilikuwa kinajengwa kikiwa na vyote vilivyotangulia mbele ya macho yake. Cha 60 kilikuwa kinaona 59. Kama kilihitaji kimojawapo bila mimi kujua, kilikipata kimyakimya, nami nikaandika kwamba hakihitaji kitu.

Wajenzi wa Debian, mojawapo ya mifumo mikubwa ya Linux, hawafanyi hivyo. Kifurushi chao hujengwa kwenye chumba kisafi ambamo mna vifaa vya msingi pamoja na vile tu ambavyo kifurushi kimevitaja kwenye orodha yake. Kilichosahaulika hakimo chumbani, na ujenzi unaanguka. Wana hata kifupisho cha anguko hilo, FTBFS ("fails to build from source", yaani imeshindwa kujengwa kutoka chanzo), na wanaliandikia ripoti ya hitilafu nzito. Nix, programu ya kusimamia vifurushi ambayo Eelco Dolstra aliieleza kwenye tasnifu yake ya mwaka 2006, na Guix baada yake, zilikwenda mbali zaidi: chumba hakina mtandao, na kila kiingiacho kinahesabiwa hadi kwenye jina la folda ya kitakachotoka.

Nikakitengeneza chumba changu kwa `chroot`, mtandao nikaukata kwa `unshare`, nikavipitisha vifurushi vyote 83 kimoja kimoja.

Vilianguka 14.

Nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia. Wiki chache nyuma maanguko 14 yangeniharibia siku, na sasa nilikuwa nayasoma kama mtu anayesoma barua. Lililonikaa zaidi ni la kerneli. Kerneli ya Linux inapojengwa hutumia `bc`, kikokotoo kile kidogo cha terminali, kutengeneza faili liitwalo `timeconst.h`, lenye namba za kubadilishia vipimo vya muda. Sikuwahi kuitaja bc popote. Ilikuwa imetangulia kwenye orodha yangu kwa sababu vifurushi visivyo na utegemezi nilivipanga kwa alfabeti, na herufi ya b iko mwanzoni.

Kerneli yangu ilikuwa imejengeka kwa bahati ya alfabeti.

## Mstari ambao haupo

Hadi hapo nilikuwa bado naamini jambo moja: kwamba mahali fulani upo mpangilio mmoja sahihi, mstari ulionyooka kutoka kifurushi cha kwanza hadi cha mwisho, na kazi yangu ni kuugundua. Hesabu yake inajulikana tangu Arthur Kahn alipoiandika mwaka 1962, na chombo chake, `tsort`, kimo kwenye Unix tangu toleo la 7 la mwaka 1979. Unakipa jozi jozi, hiki kabla ya kile, nacho kinakupa mstari.

Nilipoongeza vifurushi vya herufi na michoro, nikaipa tsort jozi zangu zote mpya, zile za kelele na zile za kimya. Ikarudisha kwamba kuna duara.

FreeType inaitaka HarfBuzz ili ipange umbo la herufi vizuri zaidi. HarfBuzz inaitaka FreeType ili izisome herufi zenyewe. Nilikaa na hilo jioni nzima nikitafuta ni upi kati ya mishale miwili ni wa uongo. Yote miwili ni ya kweli.

Na duara hilo ni dogo. Lililo kubwa lipo tangu mwanzo, nami nilikuwa nalipita kila siku bila kulitazama: GCC inaitaka maktaba ya C ili ikamilike, na maktaba ya C inaitaka GCC ili ijengwe. Ni kuku na yai. Linux From Scratch hulivunja kwa kujenga GCC pungufu kwanza, isiyo na maktaba ya C kabisa, kisha glibc, maktaba yenyewe ya C, kwa GCC hiyo, kisha GCC kamili baadaye. Kwa FreeType ni vivyo hivyo: ijenge bila HarfBuzz, ijenge HarfBuzz, kisha uirudie FreeType.

Mwanzoni niliona hiyo ni njia ya mkato, kitu cha kuombea radhi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mimi ndiye niliyekosea majina. Nilikuwa nimeandika "FreeType" mara moja kwenye orodha, kana kwamba ni kitu kimoja, wakati ni vitu viwili: FreeType ya kwanza na FreeType ya pili. Ukivipa majina mawili, duara linatoweka na tsort inakupa mstari bila kusita. Debian wanalo jambo hili kwenye maelezo ya vifurushi vyao, alama kama `stage1` zinazosema ni utegemezi upi uachwe kwenye raundi ya mwanzo. Nilikuwa nimeziona alama hizo mara nyingi nikidhani ni mambo ya ndani yao.

Hapa niliwaonea wivu kidogo watu wa FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix. Mfumo wao wa msingi umo kwenye mti mmoja wa msimbo, na `make buildworld` huanza kwa kujijengea vifaa vyake kabla ya kugusa kitu kingine, kwa mpangilio ambao waliouandika mti ndio waliouandika. Sisi wa Linux tunakusanya miti 83 iliyopandwa na watu wasiojuana.

## Mara ya pili

Jambo lililonisaidia kuliko yote lilitoka pasipotarajiwa. Niliamua kuujenga mfumo wote tena, sasa kwa kutumia mfumo wenyewe, kama GCC inavyojipima: inajijenga hatua tatu, kisha inalinganisha mafaili ya hatua ya pili na ya tatu, na yasipolingana inakataa. Nilichukua skripti yangu ya mwanzo kabisa, ile ya sifuri, bila kurekebisha chochote, nikaipitisha mara mbili.

Raundi ya pili ikatoa Python yenye `_ssl`.

Bila shaka. Raundi ya pili ilipofika kwenye Python, OpenSSL ilikuwa imeshajengwa na raundi ya kwanza. Kosa langu likawa limejiponya lenyewe, likafichika kabisa. Kama ningeanza na mazoea ya kujenga mara mbili, nisingejua kamwe kwamba mpangilio wangu ni mbovu.

Lakini nilikuwa na raundi zote mbili kwenye diski. Nikaorodhesha mafaili ya kila moja, nikapitisha `diff`. Mistari ilikuwa michache, na kila mmoja ulikuwa jibu la swali ambalo sikuwahi kuliuliza:

`> lib-dynload/_ssl.cpython-312-x86_64-linux-gnu.so`

Hayo ni mafaili yaliyozaliwa raundi ya pili tu. Kila moja linaonyesha kitegemezi cha kimya. Kisha nikalinganisha kwa `readelf -d`, mistari ya `NEEDED` peke yake, yaani maktaba ambazo kila programu inazidai inapowashwa. Hapo ndipo tar ilipojitokeza: raundi ya kwanza haina `libacl.so.1`, raundi ya pili inayo. Vifurushi saba vilikuwa hivyo, mafaili yaleyale kwa majina, ila ndani yake yamepata ndugu.

Kulinganisha baiti kwa baiti kulinishinda siku ile, kwa kuwa tarehe za ujenzi na majina ya folda yalikuwa yamejipenyeza ndani ya mamia ya mafaili. Kazi hiyo imefanywa na wenye subira zaidi. Debian walianza kuisukuma mwaka 2013, na kutoka juhudi hizo tukapata `SOURCE_DATE_EPOCH`, kigezo kinachoipa kila programu tarehe moja ya kuandika. Nimeshakiweka. Tofauti zangu zimepungua sana, hazijaisha.

## Baiti 357

Kuna usiku niliuliza swali ambalo kila anayefanya kazi hii hufika kwake: nimejenga kila kitu kutoka chanzo, lakini kompaila iliyojenga kompaila ya kwanza ilitoka wapi? Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, aliliuliza hadharani mwaka 1984, akaonyesha kwamba kompaila inaweza kubeba ubaya wake kutoka kizazi hadi kizazi bila kuacha hata herufi moja kwenye msimbo chanzo.

Watu wa Guix walitoa jibu la vitendo mwaka 2023. Mfumo wao unaanzia kwenye programu ya baiti 357, ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kuisoma baiti moja moja, na kutoka hapo unapanda ngazi kwa ngazi hadi GCC na vifurushi zaidi ya 22,000. Nilipojaribu kufuata ngazi hizo kwenye karatasi nilishangazwa na jinsi zinavyorudi nyuma kihistoria. GCC ya leo imeandikwa kwa C++, tangu toleo la 4.8. Usipokuwa na kompaila ya C++, lazima upitie 4.7 au toleo la nyuma yake. Matoleo tunayoyaona yamekufa yanashikilia ngazi.

Mimi sijafika huko. Mfumo wangu bado unaanza na kompaila niliyoikuta, na kompaila yangu ya lugha ya Rust ilijengwa na Rust ya toleo lililotangulia, ambayo niliishusha ikiwa tayari imejengwa. Nilichofanya ni kuliandika. Juu kabisa ya skripti kuna faili fupi lenye jina la kila kitu ambacho sikukijenga, nilikipata lini, na sha256 yake, namba ya kuthibitishia kwamba faili halijabadilishwa. Lina mistari mitano.

Chini ya kila kifurushi sasa kuna ukaguzi wangu, nje ya kile kinachosemwa na configure. Baada ya Python: `python3 -c 'import ssl, sqlite3, bz2, ctypes'`. Baada ya tar: readelf, na `libacl` lazima ionekane. Rafiki yangu aliiona skripti akasema, "Kaka, hii itasimama kila siku." Nikamwambia ndiyo.

Jana usiku ilisimama mara mbili. Mara ya kwanza kwenye kifurushi cha 19, ambapo nilikuwa nimedai maktaba iliyobadilishwa jina kwenye toleo jipya. Mara ya pili kwenye tar, kwa kuwa nilipopanga upya orodha niliirudisha acl chini tena bila kujua. Nimeipandisha, nimeandika sababu pembeni yake kwa mwandiko ambao nitauelewa mwakani, na wakati naandika haya ujenzi uko kwenye kifurushi cha 52.